Maneno ya Kidimbwini

Kila asubuhi kabla ya shule, Tinna na babu yake Hallmar walikwenda bwawani. Theluji ianguke, uvume upepo wa kukata masikio, hayo hayakuwahusu. Walivua viatu mlangoni, wakaoga kwa sabuni kama sheria ya bwawa inavyotaka, kisha kila mmoja akashika njia yake. Tinna aliogelea na rafiki yake Embla. Babu Hallmar hakuogelea hata kidogo. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kidimbwi cha maji moto kilichokuwa pembeni ya bwawa, akajitumbukiza mpaka shingoni na kuanza kuzungumza.

Mazungumzo hayakukosekana. Kaldeyri ni mji mdogo wa bandari huko Aislandi, na gazeti lake hutoka mara moja kwa wiki. Kidimbwi cha maji moto hutoka kila siku, tena bila malipo. Humo hukaa mvuvi mstaafu, mwenye duka la mikate, daktari na diwani, bega kwa bega, vichwa tu vikiwa juu ya maji, na huwezi kujua nani ana gari zuri na nani hana. Bei ya samaki, barabara ya mlimani, mbwa wa nani kauma nani, yote hupitia hapo kwanza.

Aliyezisambaza habari hizo kuliko wote alikuwa mzee mmoja aitwaye Ketill. Alikuwa amevua samaki maisha yake yote, na sasa miguu ilikuwa imechoka lakini ulimi bado. Ukimwambia Ketill jambo asubuhi, kufika mchana hata wavuvi walioko baharini wanalo. Hakuwa na nia mbaya. Alipenda tu kuwa wa kwanza kusimulia.

Mwaka huo, mwezi wa Mei, habari ilikuwa moja: uchaguzi wa baraza la mji. Vyama vilikuwa viwili. Babu Hallmar aliongoza Chama cha Bandari, ambacho alikuwa amekitumikia tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Chama cha Bonde kiliongozwa na Oddný, mwalimu wa kuogelea shuleni, ambaye pia ndiye mama yake Embla. Kila asubuhi viongozi hao wawili walikaa kwenye kidimbwi kilekile, wakabishana mpaka ngozi za vidole zikajikunja, kisha wakaazimana taulo. Tinna hakulielewa jambo hilo. Kama unataka kumshinda mtu, unamwazimaje taulo?

Ubishi wenyewe ulihusu bwawa. Vigae vya chini vilikuwa vimepasuka na maji yalivuja. Chama cha Bonde kilitaka bwawa lifungwe wiki sita wakati wa kiangazi, litengenezwe lote kwa mpigo mmoja, kisha lifunguliwe likiwa jipya. Chama cha Bandari kilitaka litengenezwe kidogokidogo, kona baada ya kona, watu wakiendelea kuogelea. Mafundi waliulizwa, wakasema njia zote mbili zinawezekana. Kwa hiyo ilikuwa juu ya watu kuchagua.

Tinna alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa na kura, lakini alikuwa na miguu. Alimwomba babu yake amruhusu kusaidia kampeni. Sababu aliificha moyoni: babu alikuwa amesema kwamba safari hii ndiyo ya mwisho kwake kugombea. Baraza lina viti saba. Bandari wakipata vinne, babu ataongoza mji, jambo alilolitamani miaka mingi bila kulipata. Tinna alitaka sana alipate. Alivaa kofia ya buluu ya chama, akajaza vipeperushi kwenye mkoba wa shule, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Siku ya kwanza ilimchosha. Watu walikuwa na adabu. Walimkaribisha babu kahawa na yeye maziwa, wakasikiliza maelezo marefu ya vigae na mabomba, wakaitikia kwa vichwa, mwisho wakasema, "Haya, tutaona." Kila mlango ilikuwa "tutaona". Tinna alianza kuona kwamba kwa mwendo huo babu yake atastaafu bila kuonja ushindi.

Siku ya pili waligawana mtaa. Babu alichukua upande wa baharini, Tinna upande wa mlimani. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bergljót, mama mwenye duka la mikate, ambaye kazi ilikuwa imemweka mbali na kidimbwi tangu kampeni ianze. Alifungua huku akifuta unga mikononi na kutazama nyuma kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

"Chama cha Bonde wanataka kufunga bwawa," Tinna akasema haraka, kabla mlango haujafungwa.

Bergljót akaacha kufuta mikono. "Kulifunga? Kabisa?"

Maneno "wiki sita tu" yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Tinna. Lakini mama huyo alikuwa amesahau jiko lake, amemkodolea macho, anamsikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu kampeni ianze, mtu alikuwa anamsikiliza kwelikweli. Ilikuwa raha.

"Ndivyo tunavyosikia," Tinna akajibu.

Bergljót alichukua kipeperushi na kukisoma palepale mlangoni. Tinna akaenda nyumba ya pili akasema vilevile, na ya tatu, na ya nne. Kila aliposema, ulimi ulizidi kuwa mwepesi. Alipokutana na babu mwisho wa mtaa, babu alimuuliza mambo yamekwendaje. Tinna akasema yamekwenda vizuri, na hilo wala halikuwa uongo.

Kesho yake asubuhi babu alikuwa na mkutano gatini, kwa hiyo Tinna alikwenda bwawani peke yake. Alipomaliza kuogelea aliingia kidimbwini kupasha mwili joto. Ketill alikuwemo, peke yake, amechoka kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye.

"Mjukuu wa kiongozi," akasema, "usininyime. Huko kwenye kampeni kuna jipya gani?"

Tinna akajua kabisa anachokifanya. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Kwa Bergljót aliteleza, lakini kwa Ketill hakuteleza. Alimtazama mzee huyo usoni na kumwambia kwamba hizo wiki sita ni maneno ya kidimbwini tu, Bonde wakishinda, bwawa litafungwa, na hajui kama litafunguliwa tena. Ketill alitoka majini akasahau hata kofia yake ya sufu.

Kufika mchana habari ilikuwa imezunguka mji na kurudi ikiwa imenenepa. Dukani walisema bwawa limeshauzwa. Kwenye kiwanda cha samaki walisema mnunuzi ni mwenye hoteli kutoka mbali, na kwamba maji ya moto yatavutwa kwa bomba mpaka mji wa jirani. Tinna aliposikia hayo shuleni, kwanza alicheka. Maji ya moto kwa mji wa jirani! Nani anaweza kuamini upuuzi kama huo? Kisha akaona kwamba karibu kila mtu anaamini, na kicheko kikamkatika.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Embla alikuja kukaa karibu naye kama siku zote, macho yakiwa mekundu. Akamweleza. Mwanamume mmoja alikuwa amemfokea mama yake dukani, mbele ya watu, akimwita mwuza mji. Nyumba mbili zilikuwa zimebandua picha yake madirishani. Mama hakujibu kitu, alilipa maziwa yake na kutoka, lakini usiku hakulala. Embla alimsikia akitembea jikoni.

"Ningemjua aliyeanzisha maneno haya," Embla akasema, "ningemsukuma bwawani na nguo zake zote."

 Embla akakata kipande chake cha samaki mkavu, akakipaka siagi, akampa Tinna nusu kama kawaida yao. Tinna alikipokea. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Hata hivyo alifunga mdomo, akajiambia kwamba uchaguzi ni keshokutwa na baada ya hapo watu watasahau.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu, kama ilivyo huko mwezi wa Mei, babu na mjukuu walitoka tena na vipeperushi. Milango ilifunguka kabla hawajagonga. Watu walimshika babu mkono, wakampigapiga bega, wakamwambia kura zao ni zake. Babu alikuwa anashangaa na kufurahi kama mtoto aliyepewa zawadi siku isiyo yake. "Sijui kimewapata nini," alimwambia Tinna. "Nadhani wameelewa hoja ya vigae." Tinna alitamani ardhi immeze.

Walipofika kwa Bergljót, mama huyo hakungoja salamu. Alisema Hallmar asipoteze muda wake hapo, kura anayo, maana mtu anayetaka kuwafungia watu bwawa lao milele hafai kupewa hata kibanda cha kuku.

Babu akavua kofia. "Milele? Hapana, Bergljót. Ni wiki sita. Oddný anataka wiki sita, mimi sitaki hata moja, hapo ndipo tunapogombana. Nani kakuambia milele?"

Bergljót akamtazama Tinna, akamtazama babu. "Mjukuu wako. Hapahapa uliposimama."

Babu aligeuka. Hakuinua sauti. "Ni kweli, Tinna?"

Tinna akaitikia kwa kichwa. Babu akamwomba Bergljót radhi, akamweleza mpango wote wa Bonde, tena vizuri, na sababu zake, kama vile yeye ndiye mgombea wao. Akamwambia afikirie upya bila haraka. Kisha akaweka vipeperushi vyote kwenye mkoba na kuufunga. Kampeni ya siku hiyo ilikuwa imekwisha.

Waliteremka mpaka gatini. Babu akakaa juu ya chuma cha kufungia kamba za mashua. Tinna alibaki amesimama. Alitamani afokewe yaishe, lakini babu yake hakuwa mtu wa kufoka.

"Kwa nini?" akauliza hatimaye.

"Nilitaka ushinde."

"Hata mimi nataka. Nani mwingine umemwambia?"

Tinna akazitaja nyumba moja baada ya nyingine. Mwisho, kwa sauti ndogo, akasema, "Na Ketill."

Babu akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Ketill? Basi hata nyangumi wanajua." Wakati mwingine wowote wangecheka. Babu akatazama maji kwa muda mrefu. Alionekana mzee zaidi kuliko asubuhi, na hilo lilimuumiza Tinna kuliko fimbo.

Kisha babu akamweleza atakalofanya. Usiku huo atampigia Oddný simu na kumwambia kwamba maneno yametoka upande wake, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wa chama na hawezi kujificha. Kesho yake ataandika pia kwenye ukurasa wa mji mtandaoni, mahali ambapo watu wote husoma matangazo.

"Ila kuna jambo moja," akaongeza. "Mimi nikisema, wengine watadhani ni siasa tu, au nimetishwa. Waliosikia kutoka kwako wataamini wakisikia kutoka kwako. Sikulazimishi. Wewe ni mtoto, na mzigo huu naweza kuubeba peke yangu. Nitaubeba. Lakini nimekuambia ili ujue."

"Tukisema ukweli, tutashindwa?"

"Huenda," babu akasema. "Twende nyumbani, baridi imeanza."

Asubuhi ya Ijumaa Tinna hakuogelea. Alioga, akavaa vazi lake la kuogelea, akatoka nje penye upepo na kuelekea kidimbwini. Kidimbwi kilikuwa kimejaa, maana siku moja kabla ya uchaguzi hakuna anayetaka kupitwa. Ketill alikuwemo, Bergljót alikuwemo, babu alikuwemo. Oddný alikuwemo pia. Watu walikuwa wamebanana kama samaki kwenye kreti, lakini kulia kwake na kushoto kwake palikuwa patupu.

Tinna alisimama ukingoni. Mvuke ulimzunguka miguu. Alikuwa amejitayarishia hotuba nzima kitandani, na sasa hakukumbuka hata neno lake moja.

"Yale maneno ya bwawa ni mimi," akasema. Vichwa vyote vikageuka. "Oddný hakusema atalifunga kabisa. Alisema wiki sita, litengenezwe, lifunguliwe. Nilijua. Nilikuwa na kipeperushi chao nyumbani na nilikisoma. Nikamwambia Bergljót uongo, na wengine mtaani, halafu nikamwambia Ketill, kwa sababu nilijua atawaambia watu wote. Babu hakujua kitu. Nilitaka ashinde." Akavuta pumzi. "Samahani, Oddný. Samahanini wote."

 Ketill akakohoa. Uso ulikuwa umemwiva, na haukuiva kwa joto la maji. "Lakini mimi nimeshawapigia simu mashua zote," akasema. "Na binti yangu kule mji mkuu."

"Basi wapigie tena," Oddný akamjibu.

Ketill akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea, hakumpata. Akanyanyuka, maji yakimchuruzika kwenye kitambi, akatembea miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi kwenda kutafuta simu yake, huku akinung'unika kwamba siku hizi mtu hawezi hata kuamini habari ya mtoto. Bergljót akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Hata babu alitabasamu kidogo.

Oddný hakucheka. Alimtazama Tinna kwa macho ya mtu asiyelala siku mbili.

"Umeniumiza," akasema. "Babu yako alinipigia, lakini kusikia kwa simu si sawa na kukuona hapa. Bado nina hasira nawe, na nitakaa nayo kidogo, usiniharakishe. Lakini umekuja mwenyewe na umesema mbele yangu, hilo nimeliona. Embla utamwambia wewe, mimi sitamwambia." Akasogea kidogo, ingawa nafasi ilikuwepo tele. "Haya ingia, utaganda."

Tinna akaingia na kukaa ubavuni kwake. Bergljót naye akajisogeza, akakaa upande wa pili, akamuuliza Oddný kama hizo wiki sita zitaanza Juni au Julai. Mazungumzo yakarudi kwenye vigae na mabomba, na safari hii Tinna hakuyaona marefu.

Embla ilikuwa kazi nyingine. Tinna alimkuta ukingoni mwa bwawa akikunja taulo. Tinna alikuwa ameshavaa nguo za shule, sweta la sufu, suruali na soksi. Alisimama mbele yake na kusema mara moja, bila kuzungukazunguka, kwamba ni yeye. Embla alimtazama kwa muda.  Aliweka taulo chini taratibu, akamshika Tinna mabegani kwa mikono miwili, akamsukuma bwawani.

Filimbi ya mlinzi wa bwawa ikalia. Mlinzi alikuja mbio akiuliza tangu lini watu wanaogelea na sweta, na nani kaanza. Tinna, akitema maji, akasema ameanza yeye. Embla akamtupia taulo, akaenda chumba cha nguo, akarudi na suruali yake ya michezo na fulana kavu. Akampa bila kumtazama. Siku nzima shuleni Tinna alivaa suruali ya Embla iliyomfika juu ya vifundo vya miguu, na Embla hakumsemesha hata neno moja.

Jumamosi mji ulipiga kura na kula keki. Ndivyo ilivyo Kaldeyri: siku ya uchaguzi kila chama hufungua ukumbi wake, na akina mama na akina baba wa chama hushindana kwa kuoka. Watu wenyewe hawachagui ukumbi. Hula kwa Bandari, wakajifuta midomo, wakaenda kula kwa Bonde. Usidhani kila aliyekula kwako amekupigia kura, maana hapo utajidanganya vibaya. Tinna alibeba sahani tangu asubuhi: chapati nyembamba za krimu, maandazi ya kusokotwa, mikate yenye nyama ya kondoo ya kukaushwa kwa moshi. Wapo waliomkonyeza. Yupo mzee mmoja aliyemwambia kwamba alikuwa ameshajiandaa kwenda kununua bomba lake mwenyewe la maji ya moto, ukumbi mzima ukacheka, na Tinna naye akacheka ingawa masikio yalimwaka.

Alasiri Embla aliingia. Alichukua chapati moja ya krimu, akaila yote akiwa amesimama mbele ya Tinna, akachukua nyingine.

"Zenu ni tamu kuliko zetu," akasema. "Ukimwambia mama nitakusukuma tena."

Tinna akasema hatamwambia. Embla akamuuliza kama sahani ni nzito, Tinna akasema ni nzito sana, na Embla akashika upande mmoja. Watu wa Bandari wakawatania kwamba wamepata mhudumu kutoka chama cha upinzani. Tinna alifurahi mpaka akataka kulia.

Matokeo yalisomwa redioni Jumapili asubuhi, wakati wa kifungua kinywa. Bonde viti vinne, Bandari vitatu. Kiti cha nne kilikuwa kimewapita kwa kura chache sana, ambazo ungeweza kuzikalisha zote kwenye kidimbwi kimoja. Babu alizima redio na kuendelea kupaka mkate wake siagi. Tinna alisukuma bakuli lake la mtindi, akaweka kichwa mezani na kulia.

"Ningenyamaza ungeshinda," akasema.

"Inawezekana," babu akajibu. Hakutaka kumdanganya. "Mimi pia nimesikitika, usifikiri sijasikitika. Nilikitaka kile kiti. Lakini hebu fikiria ningekipata kwa njia ile. Kila kikao ningekaa mbele ya Oddný nikijua kwamba nimekalia mahali pake. Watu wangeniambia, Hallmar, umeokoa bwawa, na mimi ningejua nimeliokoa na kitu ambacho hakikuwepo. Miaka minne, Tinna. Nisingeweza hata kuoga kwa raha."

Akamsogezea bakuli lake. "Siasa ni kazi nzuri. Nimeifanya maisha yangu yote na sijuti. Pigania unachoamini, bishana mpaka sauti ikauke, gonga kila mlango. Ila mpinzani wako mweleze kama alivyo, kisha uwaachie watu waamue. Ukiongopa ili ushinde, hujawaachia watu kuamua, umeamua wewe kwa niaba yao. Ulikosea, na ulirekebisha mwenyewe mbele ya watu. Kuna madiwani wa umri wangu ambao hawajawahi kufanya hivyo. Sasa kula."

Tinna alikuwa amemaliza nusu ya bakuli mlango ulipogongwa. Alikuwa Oddný, nywele zikiwa bado mbichi kwa maji, amebeba keki ya mkate yenye tabaka za samaki na mayai, iliyobaki ukumbini kwao. Babu alimpongeza, akampa mkono, akamvutia kiti. Walisifiana keki kidogo. Kisha Oddný akasema amekuja kwa shughuli. Bwawa litafungwa kuanzia katikati ya Juni, na anahitaji mtu wa kuisimamia kazi hiyo, awe anawaambia watu kila wiki imefika wapi. Alikuwa amefikiria watu wa chama chake, akaona hapana.

"Nakutaka wewe, Hallmar," akasema. "Nusu ya mji bado wana wasiwasi nami. Lakini tangu Ijumaa, wewe ukisema wiki sita, watu wataamini ni wiki sita. Walishaona kwamba ulisema ukweli ulipokuwa unakugharimu."

Babu alikwaruza ndevu. Halafu akasema yeye bado anaamini njia ya kona baada ya kona ilikuwa bora. Oddný akasema anajua, amelisikia hilo kila asubuhi tangu Januari. Babu akacheka, akasema sawa, ataisimamia, na kwamba fundi atakayechelewa atamjua yeye ni nani.

Oddný akamgeukia Tinna. Macho yake safari hii yalikuwa ya mtu aliyelala vizuri. "Na nitahitaji mtu mwenye miguu mizuri. Wa kupita mlango kwa mlango, aseme na kila mtu, awaambie siku ya kufunga bwawa."

Tinna akaweka kijiko chini.

"Na siku ya kulifungua," akasema.